Sala Niliyoagizwa na Mama

Tangu nirudi Embu kila mtu ananiuliza safari ilikuwaje, na kila mtu nimemjibu kwamba ilikuwa nzuri. Ofisini nimesema nzuri, kanisani nimesema nzuri, na kwa kinyozi nimesema nzuri sana kwa sababu alikuwa ameshika wembe. Sasa nimeona niandike, niwape nyote mara moja, ili mnaokutana nami sokoni muache kunishika mkono na kunitazama kwa huruma. Habari za kuomba likizo na kutafuta mtu wa kushika nafasi yangu nitaziruka. Mnazijua, na baadhi yenu ndio mlionichelewesha.

Kwa yeyote atakayesoma bila kunijua, naitwa Murithi. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, sasa ni mkaguzi wa shule, na juu ya hayo ni mzee wa kanisa. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya darasa na fomu, kumtazama mtu mwingine akifanya kazi, na kumpa alama. Nyumbani kwetu ni Muthara, huko Tigania, lakini nimeishi Embu, mtaa wa Dallas, miaka ishirini na miwili. Ni muda wa kutosha kusahau mambo ambayo mtu wa Tigania hafai kusahau, kama mtakavyoona.

Jumapili moja mama yangu alinipigia simu. Ana miaka sabini na minane na hana mazoea ya kuzungusha maneno. Alisema daktari ameona uvimbe tumboni, kwamba atapasuliwa Jumatatu ya wiki iliyofuata huko Meru mjini, na kwamba anataka nifike Jumamosi nimwombee kabla hajaenda kulazwa. Nikamwambia nitampigia mchungaji wao aje pia.

"Sitaki mchungaji," akasema. "Huyo anaombea kila kitu, hata trekta aliombea. Nataka wewe. Na usiniletee ile ya kanisani, Murithi. Niletee ya kweli."

Nikasema sawa, Mama. Kisha nikakaa kitandani na simu mkononi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijaomba miaka mitatu. Kutoa sala natoa, na nyinyi mnajua natoa vizuri. Nikiombwa kufungua mkutano, watu huguna kwa kuridhika kabla sijafika amina. Lakini Baba alipougua nilimwomba Mungu miezi miwili kwa moyo wangu wote, na asubuhi Baba alipokata roho mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye korido ya hospitali, nikiomba bado. Niliinuka, nikapangusa suruali, na tangu siku hiyo maneno yangu yameishia mdomoni. Sikumwambia mtu, hata Wawira mke wangu. Na sasa mama yangu alikuwa anaenda kupasuliwa tumbo akiwa ameniagiza kitu kimoja tu, na kitu hicho sikuwa nacho.

Nilikuwa na siku sita. Mkaguzi akiwa na shida na siku sita, hutengeneza fomu.

Dallas: dakika kumi za kupumua

Fomu ilikuwa na safu tano: jina la zoezi, muda, ugumu, matokeo, na maoni ya mkaguzi. Niliibana kwenye kile kibao changu cha kazi ambacho walimu wa Embu wanakitambua kutoka mbali. Mpango ulikuwa nisafiri polepole kuelekea Muthara, nijaribu njiani mazoezi ya kiroho ya watu mbalimbali, niyape alama, na lile litakaloshinda nilitumie siku ya Jumamosi. Niliuona mpango huo kuwa wa busara sana. Hata niliupigia mstari kwa rula.

Zoezi la kwanza lilitoka kwa Wanja, yule msichana wa ofisi yetu ambaye hakasiriki hata mashine ya kuchapisha ikimeza karatasi. Nilimuuliza siri yake, nikijifanya namuulizia rafiki.

"Mwalimu, huyo rafiki yako anabeba stresi kwa mabega," akasema, akitazama mabega yangu. "Mwambie aweke hii kwa simu. Inakuambia tu upumue. Dakika kumi hivi, asubuhi, unakuwa mtu mpya."

Asubuhi mbili nilikaa sebuleni nimefumba macho, na sauti ya mwanamke mpole ikaniambia nisikilize sauti zilizonizunguka bila kuzihukumu. Mwanamke huyo hajawahi kuishi Dallas. Jirani wa juu alikuwa anaburuta kitanda, jirani wa chini alikuwa anawasha pikipiki iliyokataa kuwaka, na mhubiri mwenye kipaza sauti alikuwa ameshaanza kutuonya. Mimi kuhukumu ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nilizihukumu zote tatu. Sauti ikasema mawazo yakija niyaache yapite. Yangu yalikuja, yakaketi, yakangoja chai.

Asubuhi ya pili nililala usingizi kabisa. Wawira alinikuta hivyo, akadhani ni presha imerudi, akanifunga kile kipimo mkononi kabla sijaweza kujieleza. Ilikuwa imeshuka vizuri kuliko mwaka mzima. Niliandika: ugumu, mdogo, matokeo, presha safi, sala hakuna. Nikampa Wanja alama nne kwa kumi, nikafungasha nguo.

Kuelekea Chuka: nyumba ya watu walionyamaza

Jumatano mchana nilitoka Embu na lile gari langu, ambalo huchemka kila likiona mlima, na barabara ya kwenda Meru ni milima na mito tu. Kabla ya kufika Chuka kuna nyumba ya masista ambako watu huenda kunyamaza siku mbili tatu. Mimi si Mkatoliki, lakini nilikuwa nimesikia kwamba watu hutoka huko wakiwa na nyuso nyororo, nami uso wangu ulihitaji msaada.

Nilimkuta sista mmoja wa makamo langoni. Alinitazama, akatazama kibao mkononi mwangu, na uso wake ukabadilika.

"Karibu," akanong'ona. "Tulikuwa tunakungoja tangu wiki jana."

Sikuwa nimempigia mtu yeyote simu. Nikafikiri, kumbe hawa kweli wako karibu na Mungu, wamenihisi nikija. Hakunipeleka kanisani wala chumbani. Alinipeleka moja kwa moja jikoni, akaanza kunionyesha sufuria, moja moja, akizigeuza nione chini. Halafu stoo. Halafu tangi la maji. Halafu vyoo. Tulitembea bila neno, watu wengine wakitupita kimyakimya na nyuso zao nyororo, nami nikawa nimeelewa kila kitu: hili ni zoezi la unyenyekevu, mtu anaanzishwa na vitu vya chini. Nilitikisa kichwa kwa heshima mbele ya kila choo. Niliandika kwenye fomu, "Mwanzo wa kina sana."

Baadaye nilikalishwa chumba cha peke yangu, nikaletewa kuku wa kukaanga, chapati tatu na maziwa mala. Dirishani niliwaona wenzangu wakila ugali na sukuma wiki. Hata hilo nikalipatia maana, kwamba mgeni wa kwanza hujaribiwa kwa shibe. Nikajaribiwa hadi mfupa wa mwisho.

Sista alirudi kuchukua sahani, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya kutetemeka kama cheti cha jikoni kitatoka mwezi huu. Hapo ndipo nilipojua kwamba walikuwa wanamngoja afisa wa afya. Nilimweleza mimi ni nani. Alifunika mdomo kwa mikono miwili na mabega yakaanza kumtikisika, akajaribu kuheshimu kimya cha nyumba, akashindwa. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Lakini macho yangu ni ya mkaguzi, hayana adabu. Nikamwambia kwamba cheti sina, ila kuna mfereji nyuma ya jiko unaovuja kuelekea kwenye tangi, wauzibe kabla afisa mwenyewe hajafika. Alikwenda kutazama, akarudi akiwa ameacha kucheka. Alinipa kitanda.

Nilinyamaza usiku huo na nusu ya siku iliyofuata. Ningependa kuwaambia niliyoyapata kwenye kimya hicho. Nilipata kuku. Kila nilipofumba macho niliona sahani yangu na sahani za wale wengine, nikaona aibu, na kutoka kwenye aibu nikarukia hospitali, korido, simiti baridi chini ya magoti, na hapo nikafumbua macho haraka nikaenda kutazama wanavyoziba mfereji. Niliandika: kimya, kizuri, matokeo, mfereji umerekebishwa. Alama tatu.

Githongo: Ijumaa ya Mutuma

Alhamisi jioni, baada ya gari kuchemka mara mbili, nilifika Githongo kwa Mutuma. Tulisoma naye chuo cha ualimu. Aliacha chaki mapema, sasa ana kahawa, ng'ombe wawili, na sifa. Sifa yake ni kufunga. Kila Ijumaa, tangu asubuhi hadi jua lizame, miaka kumi na mitano, Mutuma hali. Kanisani kwao watoto wanafundishwa kwa mfano wake. Nilijiambia kwamba hapa hakuna simu wala mifereji, hapa kuna mtu na njaa yake.

Nkirote, mkewe, alitupokea na mukimo wa ndizi na mboga, akaniongezea mara mbili bila kuniuliza. Aliposikia kwamba kesho yake nitafunga na mumewe, alinitazama kwa muda, akaniongezea mara ya tatu.

Ijumaa tuliingia shambani saa moja asubuhi kuchuma kahawa. Kulikuwa na manyunyu, miti imelowa, na kila tawi ulilovuta lilikumwagia maji shingoni. Kufikia saa nne tumbo langu lilikuwa linazungumza peke yake. Saa tano Nkirote alileta chai ya maziwa, Mutuma akapokea kikombe. Nikamuuliza kama chai si chakula. Akanijibu kwa utulivu kwamba chai ni maji, yamebadilishwa rangi tu. Nikaona ni mafundisho mazuri, nikanywa viwili.

Saa nane hivi nikamkosa Mutuma. Nilizunguka nyuma ya banda la ng'ombe nikafuata harufu, nikamkuta amechuchumaa mbele ya makaa, anageuza ndizi mbivu za kuchoma. Hakushtuka. Alisogea kidogo, akanipisha nafasi.

Nilimuuliza kama Nkirote anajua. Akasema Nkirote ndiye aliyewasha makaa.

"Miaka mitatu ya kwanza nilifunga kweli, Murithi," akasema. "Na ilinisaidia. Halafu tumbo likaanza kunisumbua, daktari akanikataza. Lakini watu walikuwa wameshajua. Watu wakishakujua na kitu, utaambia nani kimeisha?"

Alisema bila huzuni, akipuliza majivu kwenye ndizi. Mimi ndiye niliyeumia. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kumtafuta mtu mwenye dini ya kweli, nikajikuta nimechuchumaa mbele yangu mwenyewe. Hiyo ilikuwa nafasi ya kumwambia rafiki yangu kwamba hata mimi niko hivyo hivyo, kwamba sala yangu iliisha siku ileile Baba alipoisha. Aliniuliza hata, kwa nini mtu wa Embu aje kufunga Githongo. Nikamwambia ni utafiti. Alinimegea nusu ya ndizi, tukala tukitazama ng'ombe.

Kwenye fomu niliandika: njaa, ya kweli hadi saa nane. Nilikosa alama ya kumpa, nikaacha wazi. Usiku nilihesabu siku zilizobaki na hazikuwepo.

Kupita Kianjai: kibao kinakwenda

Jumamosi asubuhi Nkirote alinifungia chakula cha njiani, nikashuka hadi Meru mjini, nikashika barabara ya Maua. Nilikuwa na fomu moja iliyojaa na sala hakuna. Zoezi lililoongoza lilikuwa la kupumua. Nilianza kujizoesha njiani nione kama naweza kumpumulia Mama, na nikiwa katikati ya pumzi, mbele kidogo ya Kianjai, gari likachemka.

Kando ya barabara palikuwa na mwanamume wa kama miaka hamsini, kofia ya sufu, shavu limejaa miraa, anachoma mahindi. Alikuja na mtungi wa maji bila kuitwa. Tukasalimiana kwa Kimeru. Akanisikiliza, akainamisha kichwa, akasema mimi naonekana ni mtu wa hapa hapa, ni wa ukoo gani?

Ndugu zangu wa Embu, hapa nitawaeleza. Watu wa Tigania tayari wameshika vichwa. Kwetu kuna kitu kinaitwa gichiaro. Zamani koo fulani zilikula kiapo cha undugu, na kiapo hicho kinarithiwa. Mtu wa gichiaro yako akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza, humdanganyi. Ukifanya hivyo, mabaya yanaingia nyumbani kwako, wala hayabishi hodi. Kwa sababu hiyo mtu mwenye akili, akiulizwa ukoo na mgeni, kwanza humuuliza huyo mgeni ukoo wake yeye. Mtoto wa miaka saba anajua. Mimi ni mzee wa kanisa na mambo haya siyaamini, ingawa nimegundua kwamba huwa siyaamini vizuri zaidi nikiwa Embu.

Lakini nilifurahi. Miaka ishirini na miwili naambiwa Kiembu changu kina lafudhi na Kimeru changu kina lafudhi, na sasa mtu ananitambua barabarani. Nikataja ukoo, nikataja jina la Baba, nikaongeza na la babu.

Yule mtu aliweka mtungi chini taratibu. Alitabasamu hadi miraa ikaonekana.

"Mimi naitwa Kobia," akasema, akataja ukoo wake. "Wewe ni gichiaro yangu kabisa."

Alianza na chakula cha Nkirote. Akafuata koti langu la mvua, akalijaribu, likamtosha. Kisha akatazama kwenye kiti cha mbele, akaona kibao, akauliza ni cha nini. Nikamwambia ni cha kazi. Akasema anakihitaji, kwa sababu chake cha kupepea moto kilikuwa kimevunjika. Nilimpa pamoja na fomu yake. Aliyapepea mahindi mara tatu, karatasi ikashika cheche kwenye kona, siku zangu tano za utafiti zikaenda juu kama moshi wa kawaida tu. Alisema kinapepea vizuri.

Halafu akaomba lifti hadi Muthara, kwa shangazi yake. Alimwachia jirani mahindi, akaingia na kibao.

Njiani akauliza naenda kufanya nini. Nikamwambia kuhusu Mama, uvimbe, Jumatatu, na kwamba ninaenda kumwombea, maana mimi ni mzee wa kanisa.

"Kwani wewe unaomba sana?" akauliza.

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, kama ninavyosema siku zote. Neno likakataa kutoka. Tulipita duka moja, tukapita lingine. Kobia alikuwa ananitazama bila haraka, anatafuna.

"Sijaomba miaka mitatu," nikasema. "Tangu Baba afe. Nasemasema tu."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuyasikia. Nilingoja, kwa sababu nilidhani mtu ukishamwambia jambo kama hilo lazima akujibu kitu kikubwa.

"Hiyo ni mbaya," akasema Kobia. Kisha akauliza kama redio inafanya kazi.

Muthara

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao sebuleni, amepungua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uvimbe, sikuwa nimejiandaa kwa mikono yake, jinsi ilivyokuwa myembamba. Karimi, dada yangu anayekaa naye, alichukua mfuko wangu na kunitazama kwa namna ya kuniambia nisiulize. Kobia, ambaye sasa hakukumbuka tena habari za shangazi, aliingia nyuma yangu na koti langu, akajitambulisha. Mama aliposikia ukoo alinigeukia.

"Umetaja ukoo barabarani," akasema. "Mimi nilikulea wapi?"

Akacheka hadi akashika tumbo, na Karimi akamkimbilia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka wiki hiyo, Karimi aliniambia baadaye. Gichiaro haachwi na njaa, kwa hivyo Kobia aliwekwa pembeni na sinia la githeri na nyama, na kwa kweli hakutuangusha.

Tulikunywa chai. Tulizungumza juu ya mvua, maharagwe, na gari langu. Mwishowe Mama akaweka kikombe chini, akapanga mikono yake mapajani.

"Haya," akasema. "Niombee."

Nilisimama. Sikuwa na zoezi, sikuwa na fomu, sikuwa na pumzi. Nikafanya nilichokijua. Nikafumba macho nikaanza, "Baba Mtakatifu, Muumba wa mbingu na nchi, tunakuja mbele za kiti chako cha enzi," na sauti yangu ikashuka yenyewe hadi pale inapokaaga kanisani, pale penu mnapopapenda. Nilisikia ilivyo nzuri. Nilimsikia pia Kobia ameacha kutafuna.

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ananitazama kutoka pembeni, mkono umesimama juu ya sinia. Hakuwa na hasira. Ila yeye alijua, na kila neno nililokuwa nasema nililisema mbele ya mtu nisiyeruhusiwa kumdanganya, katika nyumba ya mwanamke anayeenda kupasuliwa. Nawaambieni ukweli, niliogopa. Sikumwogopa Mungu, nilimwogopa Kobia. Nikanyamaza katikati ya kiti cha enzi.

"Mama, siwezi," nikasema. "Sina. Nimetafuta wiki nzima, sina. Tangu siku ya Baba sijaomba hata mara moja. Hiyo unayosikia ni kelele tu."

Karimi alisimama mlangoni na birika. Mama aliendelea kutazama mikono yake, nami nikatamani niwe Embu, chini ya kitanda cha jirani wa juu.

"Hata mimi," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Tangu babako. Napiga magoti, natikisa midomo ili Karimi asiogope. Hakuna kitu." Akaniinulia macho. "Nilifikiri angalau wewe unayo. Ndiyo maana nikakuita."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, karibu na miguu yake. Niliona aibu, na chini ya aibu, samahanini, nilitaka kucheka. Tulikuwa watu wawili tumefichana kitu kimoja miaka mitatu, kila mmoja akitegemea akiba ya mwenzake. Halafu nikalia, na sitaki kulipamba hilo. Nilimuuliza sasa tufanye nini.

"Tumwambie hivyo," Mama akasema.

Alinishika kichwa kwa mkono mmoja. Hakufumba macho. Alisema kwa Kimeru, kwa sauti ileile anayotumia kumsemesha jirani kuvuka ua: "Mungu, ni mimi. Nimekukasirikia miaka mitatu, na huyu mtoto pia. Tulikuomba mzee wetu ukanyamaza. Hiyo maneno haijaisha, tutaiongea. Lakini Jumatatu wananipasua na ninaogopa, na sina mwingine wa kuambia. Ni hayo."

Kobia alisema amina, akamalizia nyama.

Jumatatu walimwingiza saa mbili asubuhi. Mimi nilibaki kwenye korido, na korido ni korido tu, zote zina simiti ileile. Sikupiga magoti. Niliketi kwenye benchi nikamwambia Mungu kwamba niko hapa tena, kwamba sijamsamehe, na kwamba anirudishie Mama. Nilimaliza, nikakuta hata saa moja haijapita, nikamwambia tena. Saa tano daktari alitoka akasema uvimbe umetoka wote, tungoje majibu ya maabara, lakini yeye ana matumaini. Majibu bado tunayangoja. Mkiniona nimeinamisha kichwa ofisini, sasa mnajua ninachofanya.

Alipozinduka jioni midomo yake ilikuwa imekauka. Niliilowesha kwa kitambaa. Alichukua muda kunitambua.

"Ulimsemesha?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Akasema nini?"

Nilifikiri. Nilikuwa nimeshachoka na uongo.

"Hakusema kitu."

Mama alifumba macho, akatikisa kichwa polepole kwenye mto, kama mtu aliyepata habari za jamaa wa zamani.

"Hajabadilika," akasema, akaomba uji.